Simu ya Njano

Mji wenyewe unaitwa Moshi,
na hapa getini, kwa herufi nyekundu futi moja moja,
moshi ni marufuku.
Wageni hucheka. Mimi niliacha kucheka
mwaka ule walipomtoa Kirita chumba cha pampu
amebaki na mkanda na buti.

Molasi huingia kwa malori, nyeusi,
inanuka kama pombe ya sherehe iliyolala.
Upande wa pili hutoka spiriti, haina rangi,
na mvuke wake hauonekani, hutambaa sakafuni
ukimtafuta mtu mwenye haraka.

Kwa hiyo leteni simu.
Nina kabati la matundu arobaini na mbili,
fundi wa Majengo alilichonga kwa mkaratusi;
wanaziacha humo kama viatu mlangoni pa msikiti.
Usiku zinatetemeka, zinawaka, zinaita wenyewe.
Nimejua mengi nisiyoyauliza:
tundu la tisa hupigiwa na "Fundi Bomba" saa nane za usiku,
na ni bomba gani hilo livujalo kila Ijumaa, sisemi.

Moja tu huingia ndani.
Nene kama mche wa sabuni, kingo za njano,
mgongoni alama ya pembe sita
na mstari wa herufi ambao aliyekuja kutufundisha
aliusoma taratibu, kidole juu yake,
kama mtu asomaye jina kaburini.
Betri haifunguliwi ndani, haichajiwi ndani.
Umeme wake umepunguzwa mpaka hauna hasira.
Ikianguka juu ya chuma, haitoi cheche.
Bei yake ng'ombe watatu wa maziwa, wenye mimba.
Ina cheti kutoka ng'ambo. Mimi nina cha darasa la saba,
na bado ndiye ninayeitilia sahihi:
imetoka, imerudi, nzima.

Usiku wa Julai, baridi ya mlimani imeshuka hadi magotini,
tundu la kumi na saba likaanza.
La Mbonea. Kioo kimepasuka,
na chini ya ufa: "Mama Kijacho".
Mara moja. Mara nne. Kanuni inasema usipokee.
Mara ya tisa nikageuza kiti, nikaipa mgongo.
Baada ya kumi na moja ikanyamaza,
na ule ukimya, jamani, ndio ulioninyanyua.

Sikupokea. Kanuni hiyo sikuivunja.
Nilichukua simu ya mezani nikapiga ile ya njano,
ambayo haijawahi kuita ila kwa kuvuja na kwa msiba.
Elirehema akapokea, pumzi juu: "Tangi gani?"
"Si tangi. Ni mke wa Mbonea. Shika namba."
Nikamsomea kutoka kwenye ufa, tarakimu moja moja.

Mbonea alikuwa juu ya tangi la nne,
vidato sitini na viwili, anapima kwa fimbo ya shaba.
Elirehema akapanda, simu kifuani.
Walichoongea sikijui. Dakika nazijua: sita.
Najua alisimama kule juu, mvuke miguuni,
sauti ya mkunga wa Pasua sikioni,
na nyuma ya mkunga sauti nyingine, kali, mpya,
isiyojua kanuni hata moja.

Hakuna kilichowaka.

Kitabu changu kina safu ya "Sababu ya kupiga".
Zamu nyingine huandika: harufu. Presha. Vali.
Nikaandika: msichana, kilo tatu na robo.

Asubuhi meneja akaisoma mara mbili.
Barua ya onyo ilikuja Jumatatu, ina mhuri;
nimeiweka tundu la arobaini na mbili, lisilo na mwenyewe.
Ila asubuhi ile hakusema neno kuhusu mtoto.
Aliichukua ile ya njano, akaigeuza,
akapitisha kucha kila ukingo,
akauliza kama ilianguka.

"Haikuanguka," nikasema,
nikampa kalamu naye atie sahihi.